Harufu ya Ndizi Karibu na Mizinga

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya vilima vya Mbooni, Kathini alikuwa ameshamkamua Kyeni na kuteleka chai. Kyeni alikuwa mbuzi mweusi mwenye alama nyeupe kwenye paji la uso, na hakukubali kukamuliwa na mtu mwingine ila Kathini. Mtu mwingine akijaribu, mbuzi alipiga kibuyu teke. Baada ya chai, Kathini alimfunga mbuzi penye majani mabichi, akavaa sare, akateremka mbio kwenye kijia cha mawe hadi shuleni. Watoto wengine waliteremka polepole wakishikilia vichaka. Yeye alikimbia, na miguu yake ikawa na nguvu hivyo hivyo bila yeye kujua, mpaka Mwalimu Kiilu akamchagua kukimbia mbio ndefu katika mashindano ya kaunti.

"Wengine wanafanya mazoezi uwanjani," Mwalimu alisema akicheka. "Huyu anafanya mazoezi akiogopa kuchelewa."

Kathini aliishi na nyanya yake, Kaveke, ambaye yeye alimwita Susu kama watoto wote wa huko wanavyowaita nyanya zao. Susu alifuga nyuki. Mizinga yake ilikuwa mwisho wa shamba, nyuma ya miparachichi, na ilikuwa na sheria zake. Siku ya kurina asali, hakuna mtu wa nyumba ile aliyeoga kwa sabuni ya kunukia wala kujipaka mafuta ya dukani. Tena, ndizi haikuliwa. Hata jirani akileta ndizi mbivu, zilifunikwa kwenye sufuria jikoni hadi kazi iishe.

"Ndizi ina makosa gani, Susu?" Kathini aliwahi kuuliza.

"Nyuki akikasirika hutoa harufu kama ya ndizi. Kwao hiyo ni kama sisi kupiga kamsa. Ukienda pale unanuka ndizi, umewaambia vita vimeanza. Na wao hawaulizi nani kaanza."

Basi siku moja, walimu walisikia harufu tamu ikitoka kwenye choo cha wasichana, wakaamua kupekua mabegi ya darasa zima. Mwalimu Kiilu alifungua begi la Kathini. Chini ya kitabu cha Hisabati akatoa kitu chembamba cheusi, chenye kitangi kidogo cha kioo juu yake. Ilikuwa vepu, ile sigara ya betri ambayo watu huvuta mvuke wake.

Kathini alimwangalia Kalekye, aliyeketi naye dawati moja. Kalekye akaangalia dirisha.

Kila mtu alijua. Kaka yake Kalekye, Ben, alikuwa utingo wa lori, na kila alipopita mji wa Mtito Andei alirudi na vitu vile. Kalekye ndiye aliyeviuza kwa wanafunzi wakubwa. Alipoona walimu wanakuja, alikuwa na nafasi ya kutosha ya kunyoosha mkono chini ya dawati. Lakini hakuna aliyefungua mdomo, maana Ben alikuwa na marafiki wa pikipiki, na watu waliwaogopa.

"Si yangu, Mwalimu," Kathini alisema.

"Ni ya nani?"

Kathini hakuwa amemwona Kalekye kwa macho yake akiitia. Hakutaja jina.

"Hutakimbia mpaka nijue ukweli," Mwalimu Kiilu alisema. "Na uje na nyanya yako."

Susu alikuja, akasikiliza, akashukuru. Njiani kurudi nyumbani aliuliza mara moja tu. "Ni yako?"

"Si yangu, Susu."

"Nimesikia," Susu akasema, na hakuuliza tena.

Lakini wengine waliuliza. Jumapili, nje ya kanisa, wavulana walimzunguka. "Kathini, tupulizie kidogo tuone." "Kumbe ndiyo maana anakimbia hivyo, ana injini ya moshi." Kalekye alikuwa hapo pia, amevaa rinda la kitambaa cha kung'aa, na alicheka pamoja nao. Kicheko kile ndicho kilichoingia ndani ya Kathini kikakaa. Alikisikia akikamua mbuzi. Alikisikia akiosha vyombo. Usiku alimpiga Kalekye mawazoni, akamvuta nywele, akamwona akilia mbele ya shule nzima, na bado hakushiba.

Ijumaa iliyofuata, Susu alirina asali. Jua lilikuwa kali, maua yalikuwa yamekauka, na nyuki walikuwa wakorofi sana. Susu alirudi jikoni akiwa ameumwa mara mbili mkononi.

"Kesho mtu asisogee kule," alisema. "Wamenyang'anywa chakula, na wanakumbuka."

Kathini alikuwa akitazama ile sufuria ambamo ndizi za jirani zilikuwa zimefunikwa. Hapo ndipo wazo lilipokuja, likiwa limekamilika, kama mtu aliyemnong'onezea sikioni.

Jioni ile ile alimpata Kalekye dukani kwa mama yake.

"Umekuja kunipiga?" Kalekye aliuliza. Alikuwa amesogea nyuma ya meza.

"Kukupiga kutanisaidia nini? Nimeshaitwa mvutaji. Afadhali basi nivute kweli. Nataka ya mtu anayeanza."

Kalekye alimtazama kwa muda, kisha akatabasamu, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Haki wewe. Nilidhani umeninunia. Ngoja." Akachungulia kama mama yake anakuja, kisha akatoa mkoba mdogo chini ya meza. Alianza kueleza kwa sauti ya mwenye duka. "Wa kuanza hachukui tangi kubwa, utakohoa hadi machozi. Unachukua hii ndogo. Betri yake haina kelele. Sasa dawa ya kutia ndani ndiyo ya kuchagua vizuri. Usiogope, hizi si sigara, ni matunda tu. Kuna embe, kuna stroberi, kuna mnanaa."

"Na ndizi?"

"Ndizi iko, lakini watu huanza na embe."

"Mimi napenda ndizi," Kathini alisema upesi. "Kesho njoo unionyeshe. Susu atakuwa kwenye mkutano wa akina mama kanisani. Nyuma ya miparachichi hakuna anayeona mtu."

Siku ya pili Kalekye alikuja akiimba. Kathini alikuwa ameoga kwa maji matupu, hajajipaka hata tone la mafuta. Alimpeleka hadi kwenye gogo lililokuwa hatua chache kutoka kwenye mizinga, upande ambao upepo ulitoka.

"Si hapa kuna nyuki?"

"Wamezoea watu. Wewe waogopa nyuki, na wauza vepu?"

Kalekye akacheka. Akajaza kitangi, na harufu ikapanda, ndizi mbivu kuliko ndizi yenyewe. Akavuta, akapuliza wingu zito jeupe. Upepo ukalichukua polepole hadi kwenye mizinga.

"Umeona? Sasa wewe."

"Puliza tena kwanza. Sijaona vizuri unavyoshika." Kathini alikuwa ameshasimama.

Sauti ya mizinga ilibadilika. Mwanzo ilikuwa kama watu wakiomba kanisani kila mtu kivyake, kisha ikawa sauti moja. Nyuki mmoja akaja, akamzunguka Kalekye, akamdunga juu ya jicho. Kalekye akapiga yowe, na Kathini akahisi kitu kitamu kikishuka kifuani mwake. Cheka sasa, alisema moyoni. Cheka tena kama ulivyocheka kanisani.

Kisha wakaja wote.

Kathini alikimbia. Kwake haikuwa kazi, alifika mlango wa jiko akiwa ameumwa mara moja tu shingoni. Akageuka aone Kalekye yuko wapi. Katika gredi ya nne walikuwa wakikimbia sawa, hakuna aliyejua nani atashinda. Sasa Kalekye alikuwa amefika nusu ya shamba tu. Alikuwa amesimama, mkono kifuani, anakohoa, mdomo wazi, hewa haiingii. Kichwa chake kilikuwa cheusi kwa nyuki. Akapiga magoti.

Mkono wa Kathini ulikuwa kwenye mlango. Ni kweli kwamba alifikiria kuufunga. Aliyekuwa kule shambani ndiye aliyemchafulia jina, na hakuna mtu angemlaumu yeye kwa kukimbia nyuki. Lakini ile sauti ya kukohoa haikuwa ya Kalekye wa kanisani. Ilikuwa ya mtoto anayekosa pumzi.

Akavuta blanketi kitandani, akajifunika, akarudi. Akamfunika Kalekye, akamburuta kwa makwapa hadi jikoni, akafunga mlango na kutupa majani mabichi motoni hadi moshi wa kuwafukuza nyuki ukajaa.

Susu aliwakuta wote wawili wamelala sakafuni. Alikuwa ameitwa na jirani aliyesikia mayowe. Hakuuliza kitu. Alimwonyesha Kathini namna ya kuitoa miiba, kwa kuikwangua kwa ukucha, si kuibana, maana ukiibana unaikamulia sumu ndani. Kisha akatoka kutafuta pikipiki ya kumpeleka Kalekye zahanati.

Kathini alikwangua. Uso wa Kalekye ulikuwa umevimba hadi macho yakafungika.

"Ungeniacha," Kalekye alisema kwa shida.

"Nilitaka kukuacha."

"Ile ya begi. Mimi ndiye niliyeitia."

"Najua."

"Nitamwambia Mwalimu."

Kathini aliutoa mwiba mwingine kwenye kope. "Na mimi nitamwambia nilikuleta hapa makusudi. Habari ya ndizi nilijua."

Susu alikuwa amesimama mlangoni, na pikipiki inaunguruma nyuma yake. Alikuwa amesikia. Alimtazama mjukuu wake kwa muda mrefu bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko hasira.

"Kyeni yuko wapi?" aliuliza.

Asubuhi alikuwa amemfunga mbuzi palipokuwa na majani mabichi, kama kila siku. Siku ile majani mabichi yalikuwa nyuma ya miparachichi, upande wa pili wa mizinga.

Hawakuweza kumfikia hadi jua lilipotua na nyuki wakarudi mizingani. Alikuwa amekata nusu ya kamba kwa kuivuta, na shingo yake imechubuka. Kathini alichimba shimo mwenyewe. Susu alimshikia taa, hakumsaidia.

Kalekye alichomwa sindano zahanati, akapona. Muuguzi aliiona ile chupa ya dawa ya ndizi, akamsomea mama yake Kalekye maandishi madogo: ndani ya hayo matunda mlikuwa na nikotini, ile ile ya sigara, inayomfanya mtu ashindwe kuacha. "Mtoto huyu anakohoa hivi tangu lini?" muuguzi aliuliza. Mama alikuwa akidhani ni vumbi. Ben aliporudi na lori, baba yake alikuwa akimngoja barabarani, na mkoba ule ukachomwa mbele yake.

Jumatatu, Kalekye alisimama mbele ya darasa na uso wake bado umevimba, akasema. Halafu Kathini naye akasema. Hakuna aliyecheka. Mwalimu Kiilu aliwapeleka wote wawili ofisini.

"Kathini, jina lako limerudi, na nafasi yako ya kukimbia imerudi," alisema. "Niliamini begi kabla ya kukuamini wewe, na hilo ni kosa langu. Lakini hili la nyuki, adhabu yake niliyo nayo ni ndogo mno. Nimemwachia nyanya yako."

Kathini alingoja adhabu ile siku nyingi, na Susu hakusema. Kila asubuhi aliamka kabla ya jua, akashika kibuyu kwa mazoea, kisha akakumbuka na kukirudisha mahali pake. Walikunywa chai ya rangi.

Asubuhi ya mashindano, Kathini alishindwa kuvumilia. "Susu, niadhibu basi. Nichape. Niambie nisiende."

Susu aliweka kikombe chini. "Nikuchape ili moyo wako utulie? Hapana. Sikiliza, mwiitu wakwa, binti yangu. Kalekye alikukosea, na haki yako ulistahili kuipata. Ungeniambia nani aliyeitia, tungekwenda kwa Mwalimu wote wawili, na nisingetoka mlangoni kwake mpaka anisikilize. Lakini wewe hukutaka haki, ulitaka kumwona akilia. Ulidhani utaufungua mzinga, umdunge mtu mmoja, kisha uufunge. Nyuki akidunga anaacha harufu ile ile, na wenzake wanaifuata. Kisasi ndivyo kilivyo. Ukikitoa, hukiambii pa kusimama. Sasa niambie, Kyeni alikosana na nani?"

Kathini aligeuza macho kwenye kibuyu kitupu.

"Na ile vepu, umeona mwenyewe kazi yake. Mwenzako alikuwa na miguu kama yako. Imemnyang'anya pumzi siku aliyoihitaji." Susu akamsukumia kikombe. "Kunywa. Ukimbie vizuri."

Alipotoka nje, Kalekye alikuwa amesimama mwanzo wa kijia, na kitambaa kimefungwa juu ya jicho. "Nitakusindikiza," alisema. "Lakini siwezi mbio zote."

Wakaanza kuteremka. Kwenye mwamba wa kwanza Kalekye alisimama, akainama, akakohoa. Kathini alikuwa ameshapita mbele. Akasimama pia, akangoja hadi pumzi ya mwenzake ikarudi, kisha wakaendelea pamoja polepole.