Ganda la Hamsini

Maganda arobaini na tisa yalikuwa na baruti ya kimo kimoja. La hamsini lilikuwa na vipimo viwili.

Verlin Haugstad aliinamisha kurunzi juu ya kibao chenye matundu hamsini, akatazama tena. Kwa miaka thelathini na mmoja, katika chumba cha chini cha nyumba yake huko Wyoming, alikuwa akijaza upya maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa: fataki mpya kitakoni, kipimo kimoja cha baruti, kisha kichwa cha risasi, ambacho mashine hukishindilia kwa mkono wake wa chuma. Hakuwasha redio wakati wa kazi hiyo. Bastola huhimili kipimo kimoja: pini hugonga fataki, baruti huwaka, risasi huenda mbele, na chuma cha juu hurudi nyuma kulitema ganda. Vipimo viwili huipasua mkononi mwa anayeipiga.

Aliimwaga baruti ya ganda lile. Ndipo aliponusa tumbaku ya kiko.

Nyumbani humo hamkuwa na mvutaji. Aliyevuta kiko alikuwa Odell Stroud, jirani yake, aliyezikwa mwezi Agosti baada ya bastola kumpasukia usoni. Mjane wake, Nadine, alimletea Verlin ndoo ya maganda ya marehemu, kama ilivyo desturi ya wajaza-risasi kurithiana vyombo.

"Verlin!" mkewe, Joyce, aliita kutoka juu ya ngazi. "Nani anakohoa huko?"

"Hakuna mtu."

"Basi panya wako wana pumu, mume wangu. Wapeleke kwa daktari."

Saa sita mchana binti yao, Merrilee, alishuka akiwa amebeba mkoba wake wa mashindano ya kulenga shabaha.

"Baba, nachukua lile boksi la risasi ulizojaza juzi. Kesho napiga wa kwanza."

"Kanunue za dukani."

"Za dukani? Si wewe unayesema hizo ni za wavivu? Unaumwa?"

"Weka boksi chini, Merrilee."

Verlin alimpokonya, akachukua nyundo ya kung'olea vichwa vya risasi, akaifungua risasi ya kwanza: vipimo viwili. Ya pili: viwili. Akaendelea kuzifungua huku jasho likimtiririka shingoni, na kila moja, ambayo alikumbuka vizuri kwamba aliipima kwa mkono wake na kuikagua kwa kurunzi yake kabla ya kuifunga, ilimwaga baruti maradufu juu ya meza, na nyuma yake mkono wa mashine, usioshikwa na mtu, ukapanda na kushuka, ukapanda na kushuka, mara mbili mbili, na moshi mtamu wa kiko ukajaa chumba kizima hadi Merrilee akarudi nyuma na kuukumbatia ukuta.

"Baba," alinong'ona, "anataka nini?"

Verlin alijua. Siku ile ya Agosti Odell alikuwa ameketi papo hapo, akisimulia kichekesho. Verlin akacheka, na kwa kucheka akauvuta mkono wa kumimina kipimo cha baruti mara mbili juu ya ganda moja. Risasi ile alimpa Odell kabla ya kutambua kosa. Mji mzima ukasema Odell alijijazia mwenyewe akiwa amelewa, naye Verlin akaacha waseme, hata kaburini.

Akampigia simu Nadine, bintiye akisikia.

"Shemeji, ile risasi hakuijaza Odell. Niliijaza mimi. Wala hakuwa amelewa."

Mkono wa mashine ukasimama hewani.

"Miezi minne, Verlin," Nadine alisema. "Miezi minne nawainamishia watu macho kanisani." Kisha sauti yake ikashuka. "Huyo anayekohoa hapo kwako ni nani?"

Verlin aligeuka kuitazama mashine.

"Kikohozi hicho nimelala nacho miaka arobaini. Mwambie arudi nyumbani."

Nyayo nzito zikapanda ngazi, ngazi moja baada ya nyingine. Juu, Joyce akapiga ukelele. Mlango wa nje ukafunguka, ukajifunga. Harufu ikatoweka. Merrilee akaketi sakafuni, akaanza kulia kwa nafuu.

Lakini Verlin bado alikuwa na simu sikioni. Alisikia mlango ukifunguka upande wa pili, kiti cha mbao kikilia chini ya uzito, kisha kikohozi.

"Haya, shemeji," Nadine alisema taratibu. "Anza tena, tangu mwanzo. Sasa tunakusikiliza wote wawili."