Folda Isiyo na Mwenyewe

Folda ya marehemu ilikuwa imenenepa. Ijumaa fundi wa kompyuta aliiacha na barua chache na picha za sherehe moja ya ofisi. Jumatatu ilikuwa imejaa kuliko ya mhasibu, na mhasibu huwa hafuti kitu.

Ofisi ilikuwa na seva tatu, na kila mfanyakazi alikuwa na folda yake kwenye mojawapo, ipi hasa hakuna aliyejua. Kazi ya fundi ilikuwa kuzihamishia zote kwenye seva mpya na kufuta za walioondoka. Mwenye folda ile, msichana wa mapokezi, aliondoka ndani ya jeneza. Alikuwa dada yake fundi, na ndiye aliyemtafutia kazi hii.

Aliifuta kwenye seva ya kwanza, akaikuta kwenye ya pili. Akaifuta tena, ikaibukia kwenye ya tatu, ile kuukuu iliyofungiwa stoo, na stoo ikaanza kunuka marashi ya dada yake, na chini ya marashi, udongo mbichi.

Alimweleza mkuu wa idara kwa sauti ya chini. Mkuu alimtania kwamba wasomi wa siku hizi wanaogopa hadi mashine, kisha akaacha kucheka: ifutwe leo, la sivyo atatafutwa fundi asiye na ndugu humu.

Mchana, wenzake walipokwenda kula, alirudi stoo peke yake. Seva ilikataa kuifuta: mwenye folda hajulikani. Dawa yake kila fundi anaijua, unajiandika wewe kuwa mwenyewe, kisha unafuta. Akajiandika. Feni zikanyamaza, na katika ukimya ule, huku harufu ya udongo ikimpanda kooni na taa ya kijani ikipepesa kama jicho la mtu anayejizuia kucheka, akasikia pumzi ikivutwa nyuma ya shingo yake, taratibu, ndefu, ikiingia bila kutoka, mpaka akagundua kwamba kifua kinachojaa ni chake.

"Ahsante, mdogo wangu," sauti ya dada ilisema. "Nilikosa wa kunichukua."

Ilitoka kinywani mwake mwenyewe. Na dada hakuwahi kumwita mdogo wangu hata siku moja. Kwa jinsi fundi alivyojaa wasiwasi, dada alikuwa akimwita Bibi Kizee.

Nyumbani mama alikuwa anakunja nguo za marehemu, kama kila jioni. Fundi alitaka kusema, mama, nisaidie. Kilichotoka ni, "Mama, hilo gauni la bluu usiligawe."

Gauni likamponyoka mama.

Jirani ndiye aliyemleta mganga, baada ya kumsikia marehemu akiimba bafuni. Mganga alinusa mlangoni, hakuingia. Alimnong'oneza mama kwamba hilo ni jini, limevaa sauti tu, na aliye hai anazama chini yake. Leo bado linaweza kutolewa, kesho hana uhakika. Kama mama anabisha, aliulize jambo ambalo dada angelijua.

Mama akamgeukia fundi. "Mdogo wako ulikuwa unamwitaje?"

 Ndani kabisa ya kifua chake fundi alilitaja kwa kelele lile jina, tena na tena, lakini ulimi haukuwa wake. Midomo ilitabasamu tu, tabasamu la dada.

Mama alisubiri. Kisha akamfunika binti yake mabega kwa gauni la bluu.

"Basi, si lazima ukumbuke," alisema, akamfungia mganga mlango.