Mtufaa wa Uani Kwetu

"Hodi! Wenyewe mpo?"

Sauti sikuijua. Nilikuwa uani nafua, nikaenda kufungua mlango huku mikono inachuruzika povu. Nje alisimama mama mtu mzima, buibui limejaa vumbi la safari, mkononi kashika shoka.

"Karibu, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Hapa ndo kwa Mzee Shaame?"

"Ndipo. Mimi Khairiya, mwanawe."

"Mimi Siti, natoka Konde. Nimekuja kukata mti wangu."

Nilicheka. Nilidhani kakosea nyumba, maana Madungu nyumba zinafanana.

"Mti gani, bibi? Sisi tuna mtufaa mmoja tu."

"Huo huo. Kaupanda Ridha, mtoto wa kaka yangu. Jana kanipigia simu kutoka Unguja, kasema, 'Shangazi, mtufaa wa Madungu nimekupa. Ukate, sitaki kitu changu kibaki kule.' Haya nipishe, nisikose gari ya kurudi."

Kicheko kikanikatika. Kwa mwaka mzima hakuna mtu aliyelitaja jina la Ridha mbele yangu.

Huku kwetu Pemba ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe. Mikarafuu ya babu yangu imo katika shamba la watu wengine hadi leo, na hakuna anayeigusa. Kwa hiyo Bi Siti alikuwa na haki yake. Alinipita, akaingia uani, kisha akasimama ghafla na shoka lake.

Mtufaa ulikuwa umechanua kwa mara ya kwanza. Maua yake hayakai ncha za matawi. Yanatoka kwenye shina na matawi manene, mekundu, rangi ya waridi iliyokoza, na nyuzi zake zilikuwa zimepukutika uani kote, mpaka ndani ya beseni langu la nguo.

"Mbona hakunambia kama unachanua?"

"Hajui."

"Hukumwambia?"

"Tumeacha kuandikiana, bibi."

Akalishusha shoka chini. Akavuta mbuzi ya kukunia nazi, akaikalia.

"Kaa. Nambie."

Nikamwambia. Miaka mitano nyuma, tulipomaliza skuli, Ridha alikuja na mche ndani ya kopo la mafuta ya kupikia. Akamuomba baba ruhusa ya kuupanda uani kwetu. Baba alikuwa na redio sikioni, akasema, "Panda." Uwa wetu ni mdogo, mikeka mitatu ikitandikwa umejaa, lakini kila Ijumaa Ridha alikuwa akija kuutazama mti wake. Akinisimamisha kando ya mti ili aupime. "Umekufika gotini. Umekufika kiunoni." Tukaumwagilia maji tuliyosuuzia mchele. Siku ulipofika begani mwangu alinambia kapata kazi Unguja, kutunza bustani ya hoteli.

"Na huko hakuwa akikuandikia?"

"Kila Ijumaa. 'Mti vipi?' Basi. Nikimjibu, 'Upo,' ananiuliza, 'Umeumwagilia?' Miaka miwili, bibi! Hajaniuliza hata siku moja kama mimi nimekunywa maji. Nikachoka, nikaacha kumjibu."

"Na hii posa ninayoisikia?"

"Imekuja wiki iliyopita. Suhail, mwenye duka la vitambaa. Baba bado hajajibu."

"Na wewe wamtaka?"

Nilitazama maua ndani ya beseni. Bi Siti hakungoja jibu. Alitoa simu kifuani, akabonyeza, akaweka spika.

"Shangazi, ushaukata?" Ilikuwa sauti ya Ridha.

"Nna mtu hapa ataka kusema nawe."

"Ridha," nikasema.

Nilisikia bomba la bustani likifungwa. Kisha:

"Hongera ya posa."

"Ya watu nimeiona. Yako wewe iko wapi?"

"Yangu? Yangu si ipo hapo uani, yamwagiliwa maji!"

"Unasema nini?"

"Khairiya, baba yako aliniruhusu kupanda mti wa kudumu katika ardhi yake. Nani huku kwetu anamruhusu mtu baki apande mti wa kudumu? Hata mlimau hawakupi! Nilipoambiwa panda, nilijua nimekubaliwa. Nilikuwa nangoja uzae nije na wazee. Juzi nasikia umeposwa na mwengine, nikasema kumbe wameniona mimi mtoto wa kuchezewa."

Mlango wa sebuleni ukafunguka. Baba akatoka kajifunga msuli kiunoni, redio mkononi.

"Mimi? Mimi nilidhani unapanda ua!"

"Mzee Shaame, mtufaa ni ua?" Bi Siti akauliza.

"Ulikuwa mdogo! Ulikuwa ndani ya kopo! Na siku hiyo kulikuwa na mpira."

Bi Siti alicheka mpaka akashika mbavu. "Wallahi sijapata kuona! Mmoja kaposa, mwengine kakubali, na hakuna aliyejua!"

Mimi sikucheka. Niliichukua simu, nikazima spika, nikaenda nyuma ya shina.

"Miaka miwili ulikuwa unaniuliza mti."

"Nilikuwa nakuuliza wewe. Sikujua kuuliza vyengine."

"Ungesema."

"Nilidhani nishasema. Nilidhani kila ukimwagilia unanijibu."

Nililia. Aliposikia, naye akaanza, na tukawa hivyo mpaka baba akanipokonya simu.

"Sikiliza, kijana. Posa haipelekwi kwa jembe. Lete wazee wako waseme kwa midomo yao. Wa Suhail nitawaita leo niwaeleze ukweli, nao wasikae wakingoja bure."

Nilidhani yameisha. Bi Siti akalinyanyua shoka lake.

"Lakini mti ni wangu. Kanipa kwa simu, mashahidi wawili wanasikia, na mimi sirejeshi."

"Bibi, nakuomba..."

"Nitauacha. Ila tufaa la kwanza kuiva uniletee Konde. Kwa mkono wako, siku hiyo hiyo. Usimpe mtu wa gari, wala usinambie kesho."

"Naahidi, bibi."

"Shangazi," akanisahihisha, akaondoka.

Miezi miwili baadaye mvua kubwa ilikuwa imepukutisha matufaa machanga, na yaliyobaki wakayamaliza popo. Moja tu lilisalimika, lile nililolifunga kwa kitambaa cha shashi. Siku hizo Ridha akaniandikia:

"Hoteli wamenipa ruhusa ya Jumamosi peke yake. Nashuka boti Mkoani asubuhi, tunakuja kwenu na ami yangu Pandu kuleta posa, narudi na ndege ya saa tisa. Shangazi hawezi kuja, mguu umemvimba. Nitakuona japo dirishani?"

"Nitakuwepo dirishani," nikamjibu.

Jumamosi baada ya sala ya alfajiri nilikwenda kulitazama tufaa. Lilikuwa jekundu zito, linanukia. Nililigusa tu, likaniangukia kiganjani.

Mama alikuwa anakanda unga wa mandazi ya wageni. Aliponiona navaa buibui akaacha kukanda.

"Unakwenda wapi?"

"Konde. Limeiva."

"Leo? Mwenzio anakuja! Miaka mitatu hamjaonana, Khairiya!"

"Niliahidi siku hiyo hiyo, mama."

"Peleka kesho. Yule mama mgonjwa, atajuaje?"

"Mimi nitajua."

Mama akanitazama, kisha akarudi kwenye unga wake. "Lifunge vizuri. Matufaa hayataki kuminywa."

Nilipopanda gari nilimwandikia Ridha.

"Tufaa limeiva. Naenda Konde."

Akajibu:

"Ndege yangu saa tisa."

"Najua."

"Gari za Konde hungoja zijae. Hutowahi."

"Najua, Ridha."

Nilipita vijiji viwili bila kuviona. Kisha simu ikatikisika.

"Basi nenda. Uliahidi. Mpe pole ya mguu."

Gari ilisimama kila kituo ikingoja abiria, nikafika adhuhuri imepita. Bi Siti alikuwa amelala kitandani, mguu juu ya mto. Aliponiona akainuka nusu.

"We! Si leo posa?"

"Ndiyo leo."

"Na Ridha?"

"Yuko kwetu."

Nikalifungua tufaa, nikaliweka kiganjani mwake. Alinitazama sana. Nilidhani atanambia nirudi haraka.

"Lete chumvi," akasema. "Na kisu."

Alilikata vipande, akala kimoja kimoja, polepole, kama mtu anayehesabu. Hakunikaribisha hata kipande. Saa ya ukutani ilionesha saa nane na robo. Ujumbe wa mama ukaingia:

"Posa tumeipokea. Kijana kaukumbatia mti mpaka Ami Pandu kamwambia aache aibu. Wanaondoka sasa kwenda uwanjani."

Nikaweka simu chini.

"Tamu, shangazi?"

Alitafuna kipande cha mwisho, akajifuta kidevu kwa ncha ya ukaya aliojifunga kichwani.

"Tamu."

Nikachukua sahani na kisu, nikaenda kuviosha.