Punda Alirudi Kabla ya Ijumaa

Nyumbani kwetu asubuhi huanza na cherehani. Binti yangu hushona sare za shule katika chumba cha mbele, na kabla jua halijafika dirishani tayari mguu wake uko kwenye kanyagio, kola na mifuko imelundikana mezani. Mjukuu wangu, ambaye kila mtu humwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haupati likizo, hunywa chai akiwa amesimama, huvaa viatu huku akisimulia jambo, na hutoka akiwa hajamaliza kulisimulia. Mimi huokota vipande vya vitambaa sakafuni, nikisikiliza.

Mwaka ule binti yangu alikuwa akiandika hadithi. Aliiwaza wakati wa kushona, kisha akaiandika kwenye simu alipopumzika, nguo za watu zikiwa bado mapajani. Ilikuwa hadithi ya punda mzee aliyechoka kubeba maji, akaondoka kimyakimya. Kila Ijumaa jioni sehemu moja iliwekwa kwenye ukurasa wake wa mtandaoni. Kwa kuwa mikono yake ilijaa kazi, Chiriku ndiye aliyepewa kazi ya kuangalia ukurasa huo akitoka shule.

"Utakuwa karani wangu," mama yake alimwambia. "Wasomaji wakiuliza kitu, nisomee. Mimi nitasema, wewe utaandika."

Chiriku alitembea siku nzima shingo juu, kama aliyepewa nchi.

Siku moja muuza vitabu alikuja kuchukua sare ya mwanawe. Ana duka karibu na shule, na kila mwaka huchapisha vitabu vichache vya watoto. "Fundi, huyu punda wako ananichekesha," alisema akiikunja sare. "Nitaufuatilia ukurasa wako. Nikiona watu wanamngoja punda, nitaichapa hadithi iwe kitabu. Nikiona kimya, sitaweza. Vitabu vikilala rafuni, mimi nalala njaa."

Binti yangu alicheka, akamsindikiza hadi mlangoni. Lakini aliporudi kwenye cherehani alihangaika sana kutunga uzi kwenye sindano, na hilo si kawaida yake. Nilijua anakitaka kitabu hicho kuliko anavyosema. Chiriku naye alijua.

Wasomaji wa ukurasa ule walikuwa wachache. Wengi walibonyeza alama ya kupenda, wakaenda zao. Aliyeandika kila wiki alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, ambaye huwasomea wagonjwa wake hadithi hiyo baada ya dawa za jioni. Alileta maswali yao. Punda ana rangi gani? Mvua ikinyesha analala wapi? Chiriku aliyaona, akayapita bila kumsomea mama yake. Kwake, mtu mmoja alikuwa mtu mmoja tu. Muuza vitabu alitaka watu wengi.

Basi akaamua kuwatunga. Alifungua akaunti kwa majina ya kubuni: Mzee wa Bustani, Mama Maua, Mwalimu Mstaafu na wengineo. Huyu akampa picha ya paka, yule picha ya waridi. Kila jioni watu hao wasiokuwepo waliumwagia ukurasa sifa. Mmoja hakupata usingizi kwa kumuwazia punda. Mwingine hajawahi kusoma hadithi nzuri kama hiyo tangu azaliwe.

Binti yangu alipoonyeshwa maneno hayo alisimamisha cherehani, akayasoma polepole. "Kumbe watu wananisoma," alisema, akanigeukia. "Mama, umeona?"

Furaha ile ndiyo iliyompa Chiriku moyo wa kuendelea.

Sasa, kwa kuwa yeye ndiye aliyesahihisha makosa ya uandishi kabla hadithi haijawekwa, kila sehemu aliisoma kabla ya wengine. Katikati ya wiki moja, akiwa na haraka ya kwenda kucheza, alimwandikisha Mama Maua haya: "Nimelia punda aliporudi nyumbani akakuta ndoo yake imepandwa maua."

Sehemu hiyo ilikuwa bado haijatoka. Ilikuwa ya Ijumaa inayokuja. Wasomaji wote walikuwa wamemwacha punda amekwama ng'ambo ya mto.

Jioni ile muuguzi aliandika: "Mama Maua, punda amerudi lini? Watoto wanasema nimeruka sehemu. Wamenigomea, dawa hazimezwi."

Chini yake fundi baiskeli mmoja akauliza: "Huyu Mama Maua anaishi chini ya kitanda cha mwandishi?"

Na chini kabisa, muuza vitabu: "Hata mimi nauliza."

Chiriku alikuja jikoni, akasimama nyuma yangu. "Bibi, mtu akifuta kitu mtandaoni, kinafutika kabisa?"

"Mimi nitajuaje? Mimi nafuta meza tu. Kuna nini?"

Hakujibu. Mtoto anayesema hata usingizini, hakujibu. Nilimsogezea kigoda, nikaendelea kuosha vikombe nikimngoja, na mwishowe alinieleza yote.

"Nikisema Mama Maua alibahatisha tu, si wataamini?"

"Labda wataamini," nikamwambia. "Lakini uongo huo utakuwa wako wa kuchunga, kila siku, kama mbuzi mwenye kiherehere. Nenda kwa mama yako. Mimi nitasimama hapo mlangoni."

Alikwenda. Nilisikia cherehani ikinyamaza.

"Mzee wa Bustani?" binti yangu aliuliza.

"Mimi."

"Na Mwalimu Mstaafu? Yule aliyesema maneno yangu yamenyooka?"

"Mimi, Mama. Nilitaka upate kitabu."

Binti yangu alilitazama vazi lililokuwa mkononi mwake. "Nilimpenda sana yule mwalimu," alisema kwa sauti ndogo, na Chiriku akaanza kulia.

Mama yake hakumgombeza. Alimwacha alie, kisha akamvuta kando yake. "Haya. Nani walikuwa wa kweli?"

"Muuguzi. Fundi baiskeli. Na wengine kidogo."

"Wamewahi kuuliza kitu?"

Chiriku alimsomea maswali yote ya wodini, ya wiki zote zile. Hapo ndipo nilipouona uso wa binti yangu ukibadilika. "Watoto wagonjwa wananiuliza," alisema, "na mimi nimewanyamazia? Watu wenyewe walikuwa hapa, mwanangu, wakibisha hodi. Ukawafungia mlango ukaenda kutunga wengine."

Chiriku alijifuta pua kwa kiganja.

"Ukurasa ni wangu, kwa hiyo nami nitaomba radhi. Lakini hao wa kubuni ni wako. Wewe ndiye utakayewaaga."

"Muuza vitabu ataona."

"Ataona."

"Atakataa kitabu."

"Huenda. Andika."

Aliandika, akafuta, akaandika tena. Mama yake hakubadilisha hata neno. Nakumbuka yalivyokuwa:

"Mimi ni Chiriku, binti wa mwandishi. Mama Maua na wenzake wote wanaosifu sana ni mimi. Mama hakujua. Niliwadanganya ili hadithi ionekane ina watu wengi. Naomba mnisamehe. Punda anarudi Ijumaa. Nimewaharibia utamu, na hilo nalo naomba radhi."

Binti yangu akaongeza majibu yake, Chiriku akiyaandika: punda ni wa kijivu, ncha ya sikio moja ni nyeupe, na mvua ikinyesha hulala chini ya mkokoteni uliovunjika. Kisha akawauliza watoto swali lake mwenyewe. Punda anafika nyumbani na mlango umefungwa. Nani amfungulie?

Wale watu wa kubuni wakafutwa, mmoja mmoja, na ukurasa ukabaki mweupe kama chumba kilichohamwa. Chiriku alikula chakula kidogo sana jioni ile.

Kesho yake muuguzi alituma ujumbe wa sauti. Tulikusanyika watatu kuisikiliza. Wodi nzima ilikuwa inabishana. Mmoja alisema jogoo ndiye afungue, mwingine akasema jogoo hana mikono, akaulizwa kwani punda anayo. Kisha akasikika msichana ambaye muuguzi alisema ana plasta mguuni: "Asifunguliwe na mtu. Aufungue mwenyewe, kwa pua."

Binti yangu alicheka mpaka akajifuta machozi. Ijumaa ilipofika, punda aliusukuma mlango kwa pua yake, na chini ya hadithi msichana yule alishukuriwa mbele ya wasomaji wote.

Tangu hapo ukurasa ulichangamka. Wasomaji hawakuja kwa kishindo. Muuguzi alimwambia mwenzake, fundi baiskeli akawasomea wateja wake, wazazi wa watoto waliopona wakaendelea kuufuata nyumbani. Chiriku alimjibu kila mmoja. Asilolijua alimuuliza mama yake kwanza. Ukosoaji nao aliuacha pale pale, akaujibu kwa adabu. Siku moja nilimwona akimwandikia muuguzi: "Leo umekuwa kwenye zamu tangu asubuhi. Umeshakula?" Hakuna aliyemtuma. Nilirudi jikoni nikiwa na fahari kifuani.

Hadithi ilipoisha, muuza vitabu alikuja. Chiriku alimfungulia mlango, macho chini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mama Maua hajambo?"

"Amehama, mjomba."

Muuza vitabu alicheka, akaketi karibu na cherehani. "Nilianza kushuku mapema," alisema. "Watu wanaosifu kila kitu, hawaulizi hata swali moja? Msomaji wa kweli ni msumbufu. Atataka kujua punda amekula nini. Nilipoona Mama Maua ameijua Ijumaa kabla ya Ijumaa, nikasema basi, kitabu hiki sikigusi."

Binti yangu alikaza midomo.

"Halafu nikasoma ombi la radhi la huyu mtoto. Nikakaa nikiangalia. Wasomaji wakabaki, fundi. Walijua wamedanganywa, wakaelezwa ukweli, wakabaki. Hao ndio watakaonunua kitabu. Nitakichapa."

Siku kitabu kilipotoka, tulikwenda dukani tumevaa vizuri. Binti yangu alikaa kwenye meza ndogo, akiandika jina la kila mtoto ndani ya kitabu chake. Nilimtazama mwanangu, fundi wa sare za watoto wa watu, watu wakimpangia foleni, nikakaa sana nikiangalia rafu ili nisilie mbele za watu.

Msichana mmoja aliingia akiegemea gongo, baba yake nyuma. Mguu wake ulikuwa umeshatolewa plasta. Alikwenda moja kwa moja kwa Chiriku.

"Wewe ndiye uliyetudanganya?"

"Ndiyo," Chiriku alisema. "Mimi."

"Wodini tulikasirika, halafu tukacheka. Mimi nikawaambia, aliyesema ukweli namna ile lazima nikamwone."

Chiriku alimletea kiti. Binti yangu alinyanyua kichwa kutoka kwenye vitabu, akamwambia Chiriku kwa upole, kila mtu akisikia: "Unaona, mwanangu? Msomaji hatungwi. Husikilizwa, hujibiwa, huambiwa ukweli hata unapotuaibisha. Ukimfanyia hivyo, atakuja kwa miguu yake mwenyewe."

"Na mwisho wa hadithi sikuupenda sana," msichana akasema.

Watu walicheka. Chiriku hakucheka. Aliketi sakafuni mbele ya kiti kile, akakunja miguu. "Niambie," alisema. "Wewe ungependa iishe vipi?" Akanyamaza, akamsikiliza mpaka mwisho.