Betri ya Kipimo katika Tochi ya Zizini

Jua lilipokaribia kuzama, Nyamizi alichukua tochi iliyoning'inia mlangoni akaenda kusimama kwenye lango la zizi. Familia tatu za Wasukuma waliohamia tambarare za Usangu zilichunga ng'ombe wao pamoja, na jioni zilitenganisha wanyama hao langoni kwa alama zilizokatwa masikioni. Aliyemulika ndiye aliyetaja mwenye mali. Kazi hiyo ilikuwa ya wavulana hadi mwaka huo wa 1979, ambapo Nyamizi, mwanafunzi wa darasa la sita, aliwashinda wote kwa kuzijua alama. Baba yake, Mzee Nkuba, hakuwa mtu wa kusifu watoto; aliwasifu ng'ombe. Hata hivyo, tochi alimkabidhi yeye.

Tatizo lilikuwa mwanga. Betri zilikuwa zimechoka, na dukani hazikupatikana. Nyamizi alizianika juani juu ya jiwe, kama walivyofanya watu wote kijijini, lakini mwanga uliorudi ulikuwa wa rangi ya chai.

Mchana wa siku hiyo kaka yake, Seni, aliyekuwa akibeba mizigo ya wapimaji wa maji ya mto Ruaha, alirudi na betri aliyoiokota kambini kwao. Unene na urefu wake ulilingana kabisa na zile za tochi.

"Ni ya kipimo chao," Seni alisema. "Walituambia isitiwe kwenye kitu kingine. Mimi naona ni uchoyo tu."

Betri ilikuwa na maandishi ya Kiingereza. Nyamizi alitambua neno moja, lililokuwa na maana ya moto, akaona halimhusu. Alitoa betri moja ya zamani, akatia ile ngeni mahali pake.

Jioni lango likang'aa hata ng'ombe wa mbele wakasita.

"Hiyo ni tochi au lori?" akauliza jirani yao, Faustin.

"Nilizianika betri vizuri," Nyamizi alijibu.

"Umesikia, Faustin?" Mzee Nkuba akasema. "Kwako mnaanika mahindi, na bado yanaoza."

Nyamizi alijiona mrefu kuliko nguzo za lango. Alitaja ng'ombe mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyempinga. Kisha tochi ikaanza kupata joto mkononi. Mwanga ukawa mweupe mno, ukazimika. Nusu ya kundi ilikuwa bado nje, na wanaume wakalazimika kupapasa masikio gizani, jambo ambalo ng'ombe hawakulifurahia.

"Betri zimepoa tu," alisema mama yake, aliyekuja langoni, akiipokea tochi. "Nitaziweka kando ya moto zipate nguvu."

Jikoni, kando ya mafiga, mdogo wao Yudith alikuwa amelala juu ya ngozi. Nyamizi alijua kwamba akinyamaza atabaki hodari wa kuanika betri. Akisema, tochi itarudi kwa wavulana, tena mbele ya Faustin.

"Mama, usiziweke motoni. Moja si ya tochi. Aliileta Seni, na imeandikwa habari za moto. Kusema kwamba ni kuanika, nilidanganya."

Faustin alikohoa. Mzee Nkuba aliichukua tochi, akaenda mbali na nyumba, akafungua kitako chake na kuziacha betri zianguke kwenye udongo mtupu. Zililala huko.

Asubuhi aliitwa Mwalimu Benedicta, mwenyeji wa Kihesa, Iringa, aliyefundisha sayansi. Aliitazama betri bila haraka.

"Hii ni ya lithiamu," alisema. "Umbo lake ni kama la zenu, lakini nguvu yake ni karibu mara mbili. Balbu hii ilitengenezwa kwa betri mbili za kawaida; ilipopewa zaidi, iliungua. Kuichanganya na betri iliyochoka kunaleta joto. Kando ya moto ingeweza kupasuka na kuwaka, na hata zile za kawaida hazifai kuwekwa huko. Kitu kutoshea mahali si ushahidi kwamba kinafaa hapo."

Seni aliagizwa kuirudisha kwa wenyewe, na Mwalimu akaahidi kutafuta balbu Iringa. Kwa sasa ng'ombe wangerudi mapema, kungali na mwanga.

Jioni hiyo Nyamizi alibaki kando ya nyumba mpaka baba yake alipomwita langoni.

"Bado ni huyu?" Faustin aliuliza. "Baba Seni, wavulana umewapeleka wapi?"

"Wavulana wanazijua alama," alijibu Mzee Nkuba. "Huyu anazijua pia, na akikosea atasema amekosea, hata kama wewe umesimama hapo unamcheka. Alama anaweza kufundishwa mtu yeyote. Ng'ombe wako akiingia zizini kwangu kwa makosa, ungependa langoni awepo nani?"

Faustin alifikiri. "Huyo huyo."

"Basi sogea. Unamziba asione."