Makarani wa Tainan na Takamatsu

Foleni ya supu ya ng'ombe ilikuwa imefika barabarani, na ilikuwa bado saa kumi na mbili asubuhi. Chuang Pei-shan, gauni la kijani na raba miguuni, alikuwa akisubiri zamu yake aliposikia nyuma yake mwanamume akimwomba mtu radhi kwa Kijapani. Sauti ile aliijua. Kwa miaka sita ilikuwa ikimpigia simu kila Jumanne kutoka Takamatsu kupanga ziara za urafiki.

Akageuka. "Bwana Kuroiwa?"

Mwanamume aliyebanwa na suti mabegani akamkodolea macho. "Bi Chuang? Nilidhani wewe ni mnene."

"Na mimi nilidhani una nywele."

Wote wawili walikuwa makarani wa kuajiriwa. Klabu zao za huduma ya jamii, moja ya Tainan na moja ya Takamatsu, zilikuwa na undugu wa miaka ishirini na tisa, na undugu wenyewe ulikuwa hivi: mwaka huu wanaume arobaini wenye vitambi wanapanda ndege kwenda kula kwa wenzao, mwakani wenzao wanakuja kula kwao. Kati ya mlo na mlo hukabidhi hospitali viti vinne vya magurudumu, na kila mmoja lazima apigwe picha amekishika kimoja, mpaka wagonjwa wanaovingoja wasinzie. Barua zote tamu za "ndugu zetu wa ng'ambo" zilitungwa na makarani hawa wawili. Wakubwa wao hawakuwa na la kuambiana. Wao wenyewe hawakuwa wamewahi kuonana: hadi mwaka huu, Takamatsu ilipokuja Tainan, ziara zilikuwa za wakubwa na wakalimani wa kukodi.

Waliketi meza moja. Kuroiwa Takuro alimsimulia kwamba mwenyekiti wake, Bwana Sakakibara mwenye kiwanda cha vigae, amekuja na mto wake wa kulalia. Pei-shan akamweleza kuwa mwenyekiti wa kwao, Bwana Lü, amefanya mazoezi ya salamu moja ya Kijapani mwezi mzima na bado inasikika kama tusi. Walicheka mpaka supu ikapoa. Siku ya pili, msafara ulipokuwa ukisukumana kupiga picha hekaluni, Takuro alimshika mkono.

"Nimeichoka simu," alisema. "Nataka nikuone ukinicheka."

Jioni ya karamu Pei-shan alivaa gauni jekundu la kola ndefu, akasimama nyuma ya viti vya wakubwa kutafsiri. Sakakibara, uso umeiva kwa pombe, alimuuliza Takuro ni mwanamke gani yule aliyekuwa akishikana naye mikono hekaluni.

"Si mtu, Mwenyekiti," Takuro alijibu huku akiinama. "Ni karani wao tu."

Pei-shan alikuwa hatua mbili nyuma yake. Dakika ile ile ikambidi atafsiri hotuba ya Sakakibara kuhusu mapenzi yasiyojua mipaka. Alitafsiri kila neno, na sauti yake haikutetereka.

Jumanne iliyofuata simu ililia.

"Pei-shan, mpenzi, nisikilize."

"Orodha ya wageni tuma kwa barua pepe, Bwana Kuroiwa," akasema, akakata.

Ikawa hivyo kila Jumanne hadi majira ya baridi, kisha simu zikakoma.

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya Tainan kwenda. Pei-shan alikataa, lakini Lü alimbembeleza, maana bila yeye hakuna hata mmoja kati ya wale arobaini ambaye angeweza kuuliza choo kiko wapi. Hotelini Takamatsu walipokewa na karani mwingine, mama mpole, ambaye alimweleza kwa sauti ya chini kwamba Kuroiwa aliacha kazi. Aliomba ruhusa aende Tainan kumtaka mwanamke msamaha. Sakakibara aliwasimulia wenzake wakati wa chakula cha mchana, nao wakaangua kicheko. Siku hiyo hiyo Takuro akarudisha funguo. Sasa alikuwa akipika tambi kwenye mkahawa wa dada yake, nyuma ya stesheni.

Karamu ilipoanza, Pei-shan aliangalia jukwaani. Lü na Sakakibara walikuwa wamekumbatiana mbele ya kamera, wakimngoja awape maneno. Alikiweka kipaza sauti mezani, akachukua mkoba, akatoka.

Alimkuta Takuro ana unga hadi viwikoni. Alipomwona, aliinama mpaka kiunoni.

"Inuka. Umeshawainamia wasiostahili vya kutosha."

"Nilikukana," alisema, "mbele ya mtu nisiyemheshimu hata kidogo."

"Hapo ndipo paliponiuma. Ungenikana mbele ya mama yako, ningeelewa. Lakini yule mlevi wa vigae?"

"Nilimwogopa. Sina neno zuri zaidi la kukupa."

Simu ya Pei-shan ikalia. Ni Lü, analalamika kuwa wako jukwaani na hakuna anayemwelewa mwenzake.

"Kumbatianeni tena, Mwenyekiti," alimwambia. "Hiyo mnaiweza." Akaizima.

Takuro akafuta mikono kwenye aproni. "Pei-shan, tuoane."

"Hata chakula hujanipa."

Akamwekea bakuli. Pei-shan alikula taratibu, tambi zote na mchuzi wote, na Takuro akasimama akimtazama. Alipomaliza alijipangusa midomo.

"Utahamia wewe Tainan. Mama yangu hajui Kijapani hata neno moja. Utajifunza lugha yake, na utamweleza kwa kinywa chako ulichonifanyia."

"Lini?"

"Ndege yetu ni Jumapili. Kata tiketi ya nyuma kabisa. Wale wote hung'ang'ania viti vya mbele."