Mlango wa Kamera ya Mama

Foleni ya kampuni ya intaneti ilikuwa imejaa ukumbi mpaka inatokeza nje. Msusi alikuwa na namba sabini na mbili, na aliyekuwa akihudumiwa ni wa kumi na nne. Alivaa gauni lake la njano la saluni, vitana viwili vimechomoza mfukoni, na kifuani amekumbatia ruta kama mtu anayepeleka mtoto kliniki.

"Kamera hii inanitania," alimwambia mtu wa nyuma yake asiyemjua, maana foleni ndefu hufanya watu ndugu. "Nikiwa nyumbani inanionyesha kila kitu, hadi mende akipita. Nikifika kazini, giza tupu!"

"Ukiwa nyumbani unaitazama kwa waifai ya hapo hapo?"

"Sasa nitazame kwa ya nani?"

"Basi hiyo ni kuchungulia chumba cha pili. Ukiwa nje, kuna mlango haujafunguliwa."

Msusi akageuka. Aliyesema alikuwa kijana mrefu, mkandani mwake zimening'inia bisibisi na koleo, shati la buluu limepigwa pasi mbele tu, mgongoni limekunjamana kama halijawahi kuonana na pasi. Fundi wa mitandao.

"Mlango gani?" akauliza, na hapo ndipo yote yalipoanzia. Mwanamke huyu alikuwa na ugonjwa mmoja: akisikia kuna jambo halijui, hata chakula hakipiti.

"Modemu ni geti la barabarani, ruta ni geti la uani," Fundi akaeleza. "Ukigonga kutoka saluni, mlinzi wa kwanza hakujui, anakufukuza. Lazima aambiwe: anayegonga mlango huu, mpitishe kwa mwenzako. Na mwenzake aambiwe: mpeleke kwa kamera, tuseme chumba namba saba."

"Na wewe unawajua hao walinzi?"

"Ndio wanaonilisha."

Namba ya kumi na tano ilipoitwa, wawili hao walikuwa wameshaondoka.

Sasa, kamera ile haikuwa ya mchezo. Mama yake Msusi alikuwa na kizunguzungu, na mwaka ule ameanguka mara mbili akiwa peke yake. Kaka mkubwa alishakata shauri: "Kama mchana huwezi kumwona Mama, mwisho wa mwezi namchukua kwangu." Kwa kaka ni safari ya siku nzima. Mama hakutaka hata kusikia. "Nikaanze kuzoeana na kuta mpya uzee huu?" Na Msusi, aliyewahi kulala mbali na mama yake usiku mmoja tu maishani, hakujua angerudi jioni kwenye nyumba tupu akaanzie wapi.

Fundi akaja, akakaa sebuleni na kompyuta magotini, akawapa walinzi wote wawili maagizo. Kisha akamtoa Msusi barabarani, waifai imezimwa, atazame kwa bando la simu.

"Naona!" Msusi akapiga kelele simuni, wapita njia wakageuka. "Nawaona wote wawili! We, toa kidole puani!"

"Nilikuwa nafikiri!"

"Kumbe akili zako ziko huko?"

Mama akacheka mpaka akashika meza. Siku nyingi hakuwa amecheka hivyo.

Kesho yake asubuhi picha ilikuwepo. Jioni haipo. Fundi akarudi, akagusa hapa na pale, ikapona; kesho yake jioni ikafa. Akabadilisha waya. Ikapona, ikafa. Wiki mbili zikapita hivyo, na simu nazo zikaanza kupigwa bila hata sababu ya kamera.

"Hujambo, mwenye kamera?"

"Sijambo, mwenye mageti. Umekula?"

"Nimekula. Ila hakuna aliyeniuliza nafikiri nini."

"Na kidole kiko wapi?"

Saluni kulikuwa na mwenzake aliyeitwa Kasuku, na jina hilo hakulipata bure. "Shoga yangu," alisema akisukuma uzi kwenye nywele za mteja, "fundi akimpenda mwenye nyumba, kazi haiishi. Yeye ndiye anaiharibu, apate kurudi." Msusi akacheka. Baadaye, akipanda ngazi za nyumbani, kicheko kikamkauka mdomoni. Mwisho wa mwezi ulibaki siku sita, na kaka ameshakata tiketi.

Akampigia Fundi. "Usinifiche. Ni wewe unayeiharibu makusudi."

"Mimi?"

"Inapona ukija, inakufa ukiondoka. Ungekuwa wewe ungewaza nini?"

"Ningeuliza kwanza," Fundi akasema taratibu. "Wewe hukuuliza, umenihukumu." Akakata simu.

Siku ya pili bahasha ikapitishwa chini ya mlango. Ndani, kwa mwandiko wa mtu aliyetulia: *Nimeiponya mara ya mwisho kwa mbali, kisha nimefunga njia yangu ya kuingilia kutoka nje; nywila mpya ni hizi. Mimi siwezi kuingia tena hata nikitaka. Ikifa, ujue si mimi.*

Jioni ile ile ikafa.

Msusi aliona aibu ikimpanda hadi masikioni. Alitamani kupiga simu, lakini angeanza kusema nini? Halafu ule ugonjwa wake ukamshika. Kama si yeye, ni nani? Akafungua mipangilio ya ruta kwa nywila zile, akasoma mstari mmoja mmoja, kitana mdomoni. Kulikuwa na orodha ya nyakati ruta ilizowashwa. Jumatatu saa kumi na nusu. Jumanne saa kumi na nusu. Kila siku hivyo hivyo, isipokuwa Jumapili.

Mashine gani hii inayoheshimu Jumapili?

Kesho yake akatoroka kazini saa tisa, akajificha chumbani, mlango ameuacha wazi kidogo. Saa kumi kamili Mama akaingia sebuleni na redio yake kwapani, akainama polepole, akachomoa plagi moja, akachomeka redio, akajiegemeza kitini.

"Mama!"

"Yarabi! Unataka nianguke kweli?"

"Umechomoa nini hapo?"

"Haka kenye taa za kijani. Mchezo wangu wa redio umeanza. Nusu saa tu, nakarudisha. Jumapili hawachezi."

"Mbona hukusema siku zote hizi?"

"Mmeuliza modemu, mmeuliza ruta, mmeuliza kampuni nzima. Nani aliniuliza mimi? Nyamaza sasa, anataka kuolewa huyu."

Msusi akaenda jikoni, akafunga mlango, akapiga simu.

"Nimekukosea," akasema, kabla hajapoteza ujasiri. "Nimekukosea sana. Ni Mama na redio yake." Akamweleza yote.

Fundi akaangua kicheko. "Ruta ikizimwa inasahau namba za vyumba ilizogawa! Ikiamka inagawa upya, anayewahi anapata. Simu ya Mama imewahi namba saba, kamera imepewa nyingine. Wewe unagonga kwa kamera, mlinzi anakupeleka kwenye simu ya Mama!" Kicheko kikakoma. "Kosa ni langu. Nilipaswa kuifungia kamera namba yake siku ya kwanza. Nilisahau."

"Fundi mzima, unasahauje?"

"Ulikuwa umekaa karibu mno."

Msusi akavuta stuli ya jikoni, akakaa.

"Na nikwambie lingine. Sikuiharibu hata mara moja. Lakini kila ulipopiga kusema imekufa, moyo wangu ulifurahi. Hilo nakiri."

"Njoo kesho," Msusi akasema. "Na mgongo upige pasi."

Alikuja na shati limenyooka pande zote, na waya wa umeme wa matundu sita, redio ipate tundu lake. Akaifungia kamera namba saba. Kisha wakamwomba Mama mwenyewe achomoe, arudishe, na Msusi akatumwa barabarani.

Alisimama kati ya wauza viatu na watu wanaotoka kazini, akazima waifai, akagonga. Duara la kusubiri likazunguka kwenye kioo, likazunguka. Ghafla, sebule. Mama kitini, Fundi amepiga magoti akikusanya bisibisi. Na sauti pia ilikuwa inatoka.

"Sasa mwanangu," Mama alikuwa anasema, "kamera ikishapona, utakuja kufuata nini hapa?"

Fundi akaacha bisibisi. "Mwenye kamera, Mama. Ukiniruhusu nilete wazee wangu."

"Mimi naishi hapa na sihami, kwa hiyo ruhusa yangu unayo. Lakini usirudie kosa lile la kuuliza kila mtu ila mhusika. Muulize mwenyewe."

Fundi akageuka, akaitazama kamera, moja kwa moja machoni mwa Msusi. "Upo?" akauliza. "Nimekuuliza kwanza. Unasemaje?"

Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni. Msusi akakumbuka kitufe cha kusemea, ambacho hakuwahi kukigusa. Akakibonyeza.

"Nipo," akasema. "Walete."

Sebuleni Mama aliruka. "Kumbe kanasema!" Akaisogelea kamera mpaka uso wake ukajaa kioo kizima. "Basi mpigie kaka yako, arudishe tiketi. Halafu urudi haraka, mchezo wangu umebakiza dakika tano uanze."